Chumba cha Bibi

Geti la chuma juu ya ngazi lilijifunga nyuma ya Amne.

Kwa!

Alikuwa ghorofani katika jumba la Bertrand, Westville, na flashi ya Bertrand mfukoni. Ndani yake mlikuwa na anwani moja tu: maficho ya Joséphine, shahidi wa kesi ya magendo ya pembe za faru. Mnunuzi ambaye Bertrand angemuuzia anwani hiyo angefika saa sita mchana.

Zilibaki dakika kumi.

"Aloys, nimenaswa," alinong'ona kwenye redio ya Motorola. "Madirisha yote yana nondo."

Mwenzake alikuwa nje ndani ya Hilux, ramani ya mwaka 1912 mapajani. Jumba hilo alilijenga tajiri wa sukari, akampa mkewe chumba na mama yake mzazi chumba. Siku hizi ni urithi unaolindwa na sheria. Bertrand, na jeuri yake yote, hakuruhusiwa kuziba hata tundu la panya.

"Iko mulango mu chumba ya bibi," alisema Aloys. "Nyuma ya kabati. Inashuka jikoni. Vite, haraka!"

Amne alikijua. Picha ya kikongwe ukutani, kitanda kifupi. Akasukuma kabati.

Ukuta mtupu.

Akagonga. Tofali. Akagonga tena. Tofali!

"Dada," Bertrand aliita kutoka chini, "funguo ya hiyo geti iko na mimi peke yangu."

Amne aliogopa, na tusimfichie. Mzanzibari mzima, afie chumbani kwa bibi wa watu!

Bibi...

Aloys amekulia Bukavu. Mtu wa Bukavu akisema bibi, anamsema mke!

Alichomoka mbio hadi chumba chenye meza ya vipodozi. Kabati likasogea. Mlango mwembamba, ngazi za watumishi, jikoni.

Juu, Bertrand alikuwa ameshaingia kumsaka. Amne alipanda ngazi kuu kwa ncha za vidole, akakuta funguo zinaning'inia getini. Akalifunga geti, akazichukua. Kisha akashuka jikoni kufunga mlango wa ngazi za watumishi kwa komeo; sasa aliyenaswa ni Bertrand.

"Polisi wameshika mnunuzi kwa robot, ku mataa ya barabara," Aloys alisema redioni. "Wanakuja kwako."

"Sharp, sawa."

Alisaga flashi kwa kisigino, akapiga simu Sydenham, kwenye maficho.

"Mama Joséphine, fungua mapazia."

Wiki tatu yalikuwa yamefungwa. Joséphine akaangua kilio.

"Mutoto anauliza kama anaweza kwenda masomo."

"Aende, mama."

Amne akavaa Ray-Ban zake, akatoka kwa mlango wa mbele bila haraka.