Siku Mwanakhamis Alipoacha Shule

Kila asubuhi Mwanakhamis alimwamkia mama yake, akanywa chai ya maziwa, kisha akashuka kusubiri basi la shule huko Irving, Texas, nchini Marekani. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mama yake, Bi Nawal, alikuwa akirudi saa hizo kutoka kazi ya usiku ya kusafisha ofisi karibu na uwanja wa ndege. Tangu watoke Mombasa, miaka mitano nyuma, alimwonya jambo moja: "Kwamba hatuna makaratasi ya kuishi hapa usimwambie mtu, hata shoga yako."

Mwaka ule wa 2002 mwalimu aliwapa mjadala: je, wanafunzi wasio na makaratasi walipe karo ya chuo sawa na wenyeji? Mvulana mmoja akasimama. "Wazazi wao hawalipi kodi. Kwa nini sisi tuwasomeshe?"

Darasa likapiga makofi. Mwanakhamis alijua kuwa mshahara wa mama yake hukatwa kodi, na hata sabuni ya dukani hutozwa. Iliuma, lakini alifunga mdomo kama alivyofunzwa. Akajiambia kwamba chuo si cha watu kama yeye.

Basi akaacha shule kimyakimya. Asubuhi aliondoka kama kawaida, akaenda mji jirani wa Carrollton kwenye saluni ya Bibiche, mama wa Kikongo. Alimdanganya kwamba ameshamaliza masomo, na kwa kuwa alijua kusuka, akapewa kazi.

Siku moja alimsuka Nyaboke, muuguzi kutoka Kisii.

"Umemaliza high school?" Nyaboke aliuliza.

"Ndiyo, Auntie."

"Na una-apply chuo gani?"

Mwanakhamis akavuta fungu jingine la nywele. Nyaboke akashusha sauti. "Ni makaratasi? Hata mwanangu Absalom hana, na yuko chuoni, analipa kama mtoto wa hapa. Sheria ilipita mwaka jana. Wanataka tu uwe umeishi Texas miaka mitatu na umemaliza high school hapa. Monday niko off, nitakupeleka chuoni."

Mwanakhamis akaacha kusuka. Machozi yakamtoka. "Auntie, nimesema uongo. Sijamaliza. Niliacha."

"Eh, mama! Mpaka mimi ulinidanganya?" Bibiche akasema, akaweka chanuo chini.

Nyaboke alijifunga kitambaa, nywele zikiwa zimesukwa nusu, akampeleka nyumbani. Bi Nawal aliamshwa usingizini kuyasikia hayo.

"Nilikufunza kunyamaza, mwanangu," alisema akilia. "Sikukufunza kuacha."

Shule ilimpokea, lakini siku alizokosa zilikuwa nyingi mno. Wenzake walipovaa majoho ya mahafali mwezi wa Mei, yeye hakuwamo. Leso mpya aliyoiweka Bi Nawal kwa sherehe ile ilibaki kabatini. Mwanakhamis alisoma likizo nzima, na mwezi wa Agosti akakabidhiwa cheti dirishani na karani, bila shangwe yoyote.

Nyaboke alimfikisha hadi lango la chuo.

"Mama yako analipa kodi, na bado watasema halipi," alisema. "Makaratasi hatujui yatakuja lini, hata ukimaliza hapa. Hayo huyawezi. Lakini shule hakuna aliyekufukuza. Ulijifukuza mwenyewe kwa jambo ambalo hukumuuliza mtu. Siri itunze, ila tafuta mtu mmoja mwaminifu umuulize kabla ya kukata tamaa."

"Ndiyo, Auntie."

"Haya, ingia. Usichelewe tena."