Tusubiri Ipande Kidogo

"Fundi, nimekuuliza tarehe."

Alisema hivyo bila kugeuka, mkono ukiwa na mfuko wa krimu juu ya keki ya harusi ya watu wengine. Nyuma yake, kwenye meza ya jikoni, mchumba wake alikuwa ameinamia simu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Tarehe gani?"

"Yetu."

Alisikia kiti kikilia. Akamalizia ua moja la krimu, akaanza jingine. Jibu lilipokuja lilikuwa lile lile la siku zote.

"Tusubiri ipande kidogo, mpenzi. Soko limetibuka."

Mtaa mzima walimwita Mama Keki. Mtoto hakuwa naye, mume hakuwa naye, lakini jina lilishamganda na mwenyewe alishazoea kuliitikia. Hakukuwa na harusi mtaani ambayo keki yake haikupita mikononi mwake. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala, kimoja cha oveni. Ijumaa nyumba ilinukia vanila mpaka barabarani. Jumamosi keki zilichukuliwa na wenyewe, wakicheka, wakipiga picha. Jumapili alibaki yeye na masufuria, nyumba kimya hadi anasikia friji ikinguruma.

Na huyu Fundi alimpata kwenye lifti. Alikuwa anapeleka keki ya ngazi tatu kwenye ukumbi wa juu wa ghorofa moja refu, lifti ikagoma katikati. Alikaa humo gizani, keki mikononi, mpaka mlango ulipofunguliwa kwa chuma na uso wa fundi wa lifti ukachungulia.

"Nianze kukutoa wewe au keki?"

"Keki. Mimi nina miguu."

Yule mwanamume alicheka, akaipokea keki, akaipandisha kwa ngazi taratibu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kuanzia hapo Jumapili zikapata mwenyewe. Alikuwa anakuja, anakaa jikoni, anamhadithia habari za watu wanaobonyeza kitufe mara kumi kumi utadhani lifti itaona haya iharakishe. Mama Keki alikuwa anacheka huku anasugua masufuria. Baadaye ikaja pete ya uchumba. Baada ya pete, ikaja akiba ya harusi, kila mmoja akichangia alichojaliwa, Fundi akiitunza.

Habari ya kripto aliileta Fundi mwenyewe, na hakumficha kitu. Alimweleza kuwa ni pesa za mtandaoni, kwamba wenzake kazini wamenunua, kwamba inaweza kupanda na inaweza kushuka. Mama Keki akaenda kumuuliza kaka yake, dereva wa lori, ambaye alishawahi kuijaribu.

"Dada, mimi niliweka hela ambayo hata ningeibiwa ningelala usingizi," kaka alimwambia. "Ikanizalia, nikatoa, nikanunua kabati na redio. Sikatai. Lakini hela ya harusi ni hela yenye kazi yake. Hela yenye kazi haitumwi safari."

Walimsikia, wakamshukuru, wakaweka akiba yote.

Na ilipanda. Ilipanda mpaka Fundi akaja siku moja mbio mbio, kofia ya kazi bado kichwani, akasema imezaa mara mbili, tuuze, tupange tarehe. Mama Keki ndiye aliyesita. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa vioo alioupelekea keki za wenzake miaka nenda miaka rudi, akiingilia mlango wa nyuma kila safari. Mwezi mmoja tu zaidi, aliwaza, na mimi nitaingilia mlango wa mbele.

"Tusubiri kidogo," alisema yeye, kwa kinywa chake.

Kabla mwezi haujaisha, ikaporomoka.

Kuanzia hapo Fundi alikuja mwili, roho akaiacha anakokujua mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kile kile, lakini hadithi za lifti ziliisha. Alikula bila kusema chakula kina chumvi au hakina. Simu ilikuwa mkononi, na kila Mama Keki alipouliza, jibu lilikuwa tusubiri irudi. Alianza kuelewa jambo ambalo hakuna aliyemwambia mwanzoni: ikipanda, mtu anangoja izidi kupanda, ikishuka, anangoja irudi. Siku ya kuuza haifiki.

Halafu zikaanza hata Jumapili kupotea. Ujumbe ulikuwa unaingia asubuhi, Mama Keki ameshapika.

"Leo sitafika. Kuna dharura kazini."

"Dharura tena?"

"Samahani, mpenzi. Kula."

Naye alikula, peke yake, na sahani ya pili akaifunika kwa sahani nyingine kana kwamba mtu angetokea. Shangazi yake aliyemlea alipopiga simu kuuliza harusi imefikia wapi, alimficha mchumba wake kwa maneno mazuri: mambo yanakaa sawa, Shangazi, bado kidogo. Akikata simu alikuwa anajiuliza huyo mwanamke mwingine anafananaje. Maana hakuona sababu nyingine. Alimpa sura, akampa mavazi, mpaka akampa na sauti ya kicheko.

Basi siku iliyofuata lile swali la tarehe, yule kaka akapita na lori lake. Hata kuketi hakuketi. Alisimama mlangoni, meno nje, akasema hongera, dada, sasa tushone sare.

"Hongera ya nini?"

"Ile kripto yenu. Hamjaona? Imerudi, na imepita pale ilipokuwa. Wiki nzima inapanda tu."

"Fundi jana kaniambia soko limetibuka."

Kaka yake akamtazama. Meno yakarudi ndani.

"Limetibukia wapi?" aliuliza polepole.

Fundi aliitwa, akaja jioni ile ile jua halijazama, nguo za kazi zikiwa na grisi. Mama Keki alikuwa ameketi. Hakumkaribisha chai.

"Kaka kanipongeza," alisema. "Anasema imepanda."

Fundi aliweka begi lake la vifaa chini.

"Basi uza," alisema Mama Keki. "Sitaki ukumbi wa vioo. Uza tu, tuoane."

Fundi akavua kofia ya kazi.

"Fundi. Uza."

"Sina cha kuuza."

Aliyasema hayo akiangalia sakafu, kisha yakamtoka yote. Siku ile ilipoporomoka ilishuka asubuhi, ikashuka mchana, kila akiitazama iko chini zaidi. Lifti ikikatika waya ina breki, alisema, inashika. Ile haikuwa na breki. Akaona afadhali aokoe kilichobaki kuliko kukosa vyote. Akauza. Kilichobaki hakikutosha hata kadi za mwaliko. Baada ya wiki chache ikaanza kupanda tena, bila yeye.

"Umeuza zamani," alisema Mama Keki.

"Zamani."

"Sasa miezi yote hii ulikuwa unaangalia nini kwenye hiyo simu?"

"Bei."

"Bei ya nini, na kitu huna?"

"Naangalia ningekuwa wapi," alisema.

Na zile dharura za Jumapili? Hazikuwa dharura. Alikuwa anachukua kazi za pembeni kwenye majengo ya watu, kupaka grisi, kubadilisha nyaya, ili akiba irudi yote kabla Mama Keki hajajua. Alitaka siku moja aje aseme imepanda, tupange tarehe, na mchumba wake asijue kamwe.

"Mimi nilidhani una mwanamke," alisema Mama Keki.

"Ningempatia wapi nafasi?"

"Afadhali ungekuwa naye. Ningejua ninagombana na nani." Sauti yake haikupanda. "Umekaa jikoni kwangu, Fundi, ukanitazama machoni, ukaniambia tusubiri. Nisubiri nini? Ulikuwa unajua hakuna kitu kinachokuja."

Alivua pete, akaiweka mezani. Fundi hakuigusa. Alichukua begi lake akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Hapo ndipo Mama Keki alipojua kwamba upweke nao una vyumba, na kwamba alikuwa bado hajaingia cha ndani. Alioka, akapamba, akapokea pongezi za wenye harusi. Siku nyingine ilifika jioni anagundua hajasema neno tangu asubuhi zaidi ya "karibu" na "asante."

Fundi hakuja kubembeleza. Alituma ujumbe, kila siku mmoja, na ndani yake hakuna samahani wala nakupenda.

"Leo niko jengo la benki. Lifti ya pili inapiga kelele, bado sijajua kwa nini."

"Ni beringi, imelika. Nimebadilisha."

"Leo sina kazi. Nimelala mpaka saa nne. Nimefua."

Mama Keki hakujibu hata mmoja. Ila alianza kuwasha simu kabla ya kuwasha jiko.

Shangazi alipokuja, Mama Keki alimweleza kila kitu. Shangazi aliwaka kwanza, akataka namba ya mama mzazi wa Fundi, akasema pesa za watu zimeliwa na hewa. Alipoishiwa pumzi akakaa, akauliza hasa kinachomuuma ni kipi, pesa au uongo.

"Nilikuwa mpweke nikiwa na mtu, Shangazi. Hicho ndicho kinachouma."

Shangazi alikoroga chai yake muda mrefu. "Mjinga yule," alisema mwishowe. "Lakini ni mjinga anayefanya kazi Jumapili. Mimi mume wangu Jumapili alikuwa analala." Kisha akaomba sukari, na hilo suala hakulirudia.

Jumatatu iliyofuata ujumbe ulisema yuko kwenye lile ghorofa la ukumbi wa juu. Mama Keki alivaa viatu akaenda. Mlinzi alimjua, akamwelekeza ngazi za juu kabisa, kwenye chumba cha mitambo. Alimkuta Fundi amepiga magoti kando ya mota, bisibisi mdomoni. Alipomwona akaitoa, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Siku ile ulipouza," alisema Mama Keki akihema kwa ngazi, "ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilikaa pale chini, nimeegemea ukuta. Watu walikuwa wanapiga simu kuwa lifti haiji, nikashindwa kuinuka."

"Siku gani?"

"Jumatatu. Kama leo."

"Jumatatu huwa sina keki. Nakuwa nyumbani tu."

"Najua."

"Ungenipigia."

"Nilishika simu. Nikalifungua jina lako kabisa." Aligeuza bisibisi mkononi. "Nikaogopa kusikia sauti yako ikibadilika."

Mota iliunguruma, ikashusha watu, ikanyamaza. Mama Keki alitazama ule ukuta. Alimwona ameegemea pale, na akajiona mwenyewe saa hiyo hiyo, amekaa jikoni hana la kufanya, akisikiliza nyumba.

"Mbona hukuniambia kwamba mimi ndiye niliyesema tusubiri?" aliuliza. "Ulitaka kuuza ilipozaa. Mimi nikakataa. Ungeweza kunitupia hilo siku ile nilipovua pete."

"Nikutupie ili iweje? Tuumie wawili?"

"Ndiyo," alisema Mama Keki. "Tuumie wawili. Wewe unadhani watu wanaoana ili wafanye nini?"

Fundi aliiacha bisibisi ianguke. Akafunika uso kwa mikono yake ya grisi, mabega yakamtikisika. Mama Keki alisogea, akaegemeza paji la uso kwenye bega lake, akasema na tuanze na kuwaambia watu wa kwetu, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Fundi akaitikia kwa kichwa.

Alikwenda kwa Shangazi, akasema yote, akasemwa yote. Akaenda kwa mama yake pia. Na wiki chache baadaye wakaoana kwa msajili wa ndoa, siku ya kazi, wageni wakitosha kwenye benchi moja: Shangazi, mama mzazi wa Fundi, na kaka mtu aliyeegesha lori pasiporuhusiwa na kila mara anachungulia dirishani. Keki ilikuwa ndogo, ya kukatwa kwa kisu cha kawaida. Kaka alionja akasema ni tamu kuliko zote alizowahi kudokoa jikoni kwa dada yake, na safari hii alikuwa amealikwa.

Sitawaambia upweke ulihama siku hiyo. Haukuhama. Kuna asubuhi Mama Keki bado anaamka na kumkuta mumewe ukingoni mwa kitanda, kimya, macho mbali, na moyo unamlipuka. Zamani angejifanya amelala. Sasa anamuuliza kuna nini, na yeye, hata kama jambo lenyewe ni la aibu, anasema.

Juzi mchana alikuwa anakanda unga simu ikalia. Aliipokea kwa kiwiko.

"Mama," alisema Fundi, sauti ikitoka kama ndani ya pipa. "Pete ya ndoa imenidondokea kwenye shimo la lifti. Hata sijaanza kuitafuta. Nimeona nikupigie kwanza."

Mama Keki alikaa chini, mikono ina unga mpaka viwikoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na upande wa pili wa simu akamsikia mumewe, kwa woga kwanza, naye anaanza kucheka.