Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kishikwambi kiliporudi ukurasa mmoja nyuma mara ya kwanza, Griselda alidhani kidole chake ndicho kilichokosea. Mji mzima wa Tucumán ulikuwa umelala, jua la saa nane mchana likichoma mabati, saa ambayo watu wenye akili zao hawatoki nje. Yeye alikuwa jikoni, akipitia tasnifu yake ya hisabati kwenye kishikwambi cha kusomea. Asipoiwasilisha Ijumaa, kazi yake ya kufundisha chuoni ingekwenda kwa mwingine.

Kishikwambi chenyewe kilikuwa kero tupu. Milinganyo ilionekana kama sisimizi. Ukiikuza, nusu inatoka nje ya kioo, kisha usubiri ukurasa uwe mweusi, uwe mweupe, ndipo usome mstari mmoja. Alipewa na mjane wa mwalimu wake, Profesa Ledesma, aliyefariki majira ya baridi. Sasa kila akifungua ukurasa wa arobaini na mbili, kinamrudisha nyuma. Alikizima, akakiwasha, akakitukana. Arobaini na moja.

Vioo vya namna hiyo huacha kivuli cha ukurasa uliopita, hilo alilijua. Lakini kivuli hiki kilikuwa mwandiko wa mkono, nao ulikuwa unaongezeka, herufi moja baada ya nyingine, ukikwaruza polepole pembeni mwa uthibitisho wake, huku jikoni kukijaa harufu ya majani ya koka yaliyotafunwa pamoja na magadi, harufu ile ile aliyokuwa nayo marehemu kila alipokaa kusahihisha kazi za wanafunzi, mpaka maneno yakakamilika: Kwa nini?

Alikimbia nacho na kumsimulia yote shangazi yake Delfina, anayetibu waliovimbiwa kwa kuwapima na utepe. Delfina alipima mara tatu, kutoka kiwiko chake hadi kwenye kioo, na kila mara utepe ukawa mfupi zaidi, ishara kwamba kuna kitu kimekwama.

"Ulimdanganya nini marehemu?" alinong'ona.

"Kwenye ukurasa huo niliandika 'ni dhahiri kwamba'. Akaniuliza kama nimethibitisha. Nikamwambia ndiyo."

"Na ulithibitisha?"

"Nimejaribu miezi minne, shangazi. Haithibitiki."

"Basi mwambie hivyo hivyo, mwanangu. Utepe wangu ni wa matumbo."

Griselda alikuwa amechoka na amekasirika. Miaka sita ya kazi, halafu maiti amkwamishe kwa sentensi moja? Alikiponda kishikwambi kwa nyundo, akaichapisha tasnifu kwenye karatasi kutoka kompyuta yake, na Ijumaa akaipeleka.

Karani wa chuo aliipekua, akakomea katikati.

"Hii hatupokei, dada. Imechorwachorwa kwa kalamu."

Akamgeuzia ukurasa. Griselda hakuhitaji kutazama namba. Wino ulikuwa bado mbichi, na karani alikuwa amekunja pua, akiuliza ni nani anatafuna koka humu ofisini.