Joto la Mfuko wa Koti

Panya alielea hewani katikati ya chumba, mkubwa kama ng'ombe, na ungeweza kumhesabia mbavu zote. Usishtuke. Panya mwenyewe, panya buku kijana asiyefika hata nusu kilo, alikuwa amelala fofofo ndani ya mtambo, kapigwa dawa ya usingizi. Kilichoelea ni picha yake, iliyochorwa kwa mwanga na ule mtambo ambao watu wa Njombe waliuita Mwangandani, kwa kuwa ulimulika ndani ya kiumbe hai bila kumng'oa hata unywele.

Ndani ya picha vilitambaa vidoa vya njano. Hizo ndizo chembenano. Chukua unywele wako mmoja, upasue kwa upana mara elfu moja. Kipande kimoja ndicho ukubwa wa chembenano. Kila moja ilibeba dawa ya ugonjwa wa kusahau, na mgongoni ilibandikwa punje ya madini yenye mionzi, ili popote itakapojificha mwilini, mionzi iichongee. Kwa miaka mitatu mionzi ilikuwa ikichongea habari ileile: zinaingia kwenye damu, zinakata kona, zinajazana kwenye ini na kujilalia huko. Kwenye ubongo, patupu.

Leo zilifika kwenye ubongo.

"Mnyama namba thelathini na moja," Mwangandani ulitangaza kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni. "Ubongo, asilimia nane ya dozi. Matokeo ya namna hii hayajawahi kuonekana."

Mtu mwingine angerukaruka. Dakta Twilumba Mlowe alijishika kifuani, pale penye mfuko wa ndani wa koti lake, akaketi.

"Ee Mungu wangu, Mashavu," alisema. "Umenifanyia nini wewe?"

Sasa, maabara ile haikuruhusu mnyama kupewa jina. Namba tu. Ukimwita jina utamwonea huruma, na ukimwonea huruma utaharibu kazi; ndivyo Twilumba mwenyewe alivyowafundisha wanafunzi wake zamani, wakati jengo lilipokuwa na wafanyakazi ishirini, chai ya saa nne na umbea wake. Kisha yakaja maroboti. Yakafagia, yakalisha, yakaosha vizimba, na watu wakaondoka mmojammoja. Akabaki yeye peke yake, kwa sababu sheria bado ilidai mkono wa binadamu ushike sindano. Nyumbani nako hakukuwa na mtu. Mumewe Edigari, mpasua mbao, alifariki miaka sita iliyopita, na hawakujaliwa mtoto. Kuna siku Twilumba alifika jioni akagundua kwamba tangu asubuhi neno pekee alilolitamka ni "pole," na aliliambia roboti lililogonga mlango.

Mashavu alimjia hivi. Baada ya kila sindano, panya alipaswa kukaa peke yake saa mbili kwenye chumba cha kusubiria, dawa isambae; ya mwisho ikishasambaa, ndipo apigwe picha. Mwongozo ulisema chumba hicho kisipashwe joto wala kupozwa. Waandishi wake waliishi Dar es Salaam, ambako mtu hutokwa na jasho hata akiwa amekaa, na ile baridi ya Njombe, hasa ya mwezi wa sita, inayokausha midomo na kugandisha mafuta ya kupikia, haikuwapitia akilini kabisa. Maroboti hayasikii baridi. Yalifuata mwongozo neno kwa neno, na panya thelathini wakasubiri wakitetemeka kwenye vizimba vya chuma.

Wa thelathini na moja alipochomwa sindano ya kwanza alimshika Twilumba kidole kwa vidole vyake vyote, hakuachia. Basi. Alikuwa amevaa koti la Edigari, koti zito la sufu lenye mifuko mirefu. Akamtia mfukoni. Akampa karanga, naye akazisokomeza kwenye vile vifuko vya mashavuni, uso ukavimba kama mtu mwenye jino bovu. Twilumba alicheka mpaka akashangaa kusikia sauti yake. Kwa saa mbili alikaa hivyo, kiumbe chenye mionzi kikimhemea kifuani, akakisimulia habari za Edigari. Alijua ni kosa. Alikuwa na upweke, na upweke hausomi mwongozo. Tangu siku hiyo, kila sindano ya Mashavu ilikuwa na saa mbili zake za mfukoni.

Profesa Nyagawa, mkuu wa maabara, kwa kawaida alitokea kwenye kioo cha mawasiliano tu. Ijumaa ya wiki ile alikuja kwa miguu yake, anahema kwa furaha.

"Shikamoo Dada!" Alikuwa mwanafunzi wake zamani, na cheo hakikumwondolea adabu.

"Marahaba, Nyagawa. Mbona mbio?"

"Nisikimbie nina nini? Jumatatu tunaanza na watu! Wagonjwa sita wamekwisha kusaini. Na huyu thelathini na moja hatumgusi, atatunzwa hapa mpaka azeeke, na mtunzaji wake ni wewe. Unasemaje?"

Twilumba alihesabu kimoyomoyo. Mpaka azeeke! Miaka saba, labda minane, ya kuja kazini na kukuta mtu. Ndiyo, mtu, moyoni alimwita hivyo.

"Wagonjwa watasubiri wapi zile saa mbili?" aliuliza.

"Ukumbi namba mbili. Kwa mwongozo uleule, kama ulivyofanya wewe."

Jumamosi nzima alikaa na daftari la vipimo. Panya thelathini, baridi ya nyuzi tisa, ubongo patupu. Panya mmoja, joto la kifua cha mtu, ubongo asilimia nane. Hakuhitaji mtambo kumfafanulia. Mwili ukipigwa na baridi, damu hukimbilia ndani na kuzubaa huko, na chembenano huishia kwenye ini. Dozi ya panya ini lake linaistahimili. Dozi ya mtu mzima ikijaa yote kwenye ini, huyo mtu haamki.

Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kudai kwa hila tu kwamba ukumbi upashwe joto kidogo, wazee wasipate mafua. Lakini roboti lisingebadili nyuzi hata moja bila sababu iliyoandikwa, na sababu ilikuwa mfukoni mwake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio hiki kingekuwa cha nyumba sita.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Nyagawa. Akakibandua kibandiko chake cha mionzi, kile ambacho kila mfanyakazi hukivaa kifuani kupimiwa mionzi aliyoipata, akakiweka mezani.

"Kisome."

Nyagawa alikipitisha kwenye kisomeo. Uso ukambadilika. "Dada, hii ni mara tisa ya kiwango! Tena kifuani! Ulimwagikiwa na dawa?"

"Sikumwagikiwa. Nilimbeba."

Akamweleza yote, mfuko, joto, karanga, Edigari, hakubakiza. Nyagawa alisikiliza ameinamisha kichwa. Twilumba alipomaliza, yeye alijifuta macho kwa kiganja.

"Dada yangu, ungenifuata tu, tungekaa tukanywa chai. Ulikuwa mpweke hivyo, na mimi nipo?"

"Ulikuwa kwenye kioo, Nyagawa."

Nyagawa alikirudisha kibandiko mezani. Kisha akasema polepole, "Unaijua sheria. Mnyama aliyechafua jaribio haachwi hai hadi siku ya pili. Na ini na ubongo vyake lazima vipimwe kwa mkono, la sivyo hakuna atakayeamini habari ya joto."

"Naijua. Niliiandika mimi." Alikishika kifungo cha koti. "Naomba niwe mimi. Usiwape maroboti."

Alasiri ile Mashavu aliingia mfukoni mwenyewe, kama aingiaye kwake. Twilumba alimpa karanga nyingi kuliko siku zote. Alimngoja atulie, asikie zile pumzi fupifupi, ndipo akampiga sindano kupitia kitambaa cha koti. Alilia kwa sauti, hakujali nani anamrekodi. Pumzi zilipokoma, joto lilibaki kifuani pake muda mrefu kidogo.

Vipimo vilithibitisha. Jaribio la watu lilisogezwa, panya wengine kumi wakapashwa joto, na kwa wote dawa ikafika kwenye ubongo. Mwongozo mpya ulisema hivi: mgonjwa afunikwe blanketi la umeme kwa saa mbili. Wagonjwa sita walilala chini ya mablanketi, na mmoja, wiki ya pili, alimwita mkewe kwa jina. Twilumba alizipata habari hizo akiwa nyumbani, kwa kuwa lile kosa la mfukoni lilikuwa limemgharimu kazi.

Koti walilichukua. Mashavu alikuwa amelikojolea, na mkojo ule ulikuwa na mionzi. Madini yale hupungua nguvu nusu kila siku tatu na ushee, kwa hiyo koti lilifungiwa kwenye kabati la madini ya risasi siku thelathini na tatu. Ya thelathini na nne Twilumba alikwenda kulifuata. Roboti lililipitishia kipimo mbele, nyuma, na mfukoni. Kipimo hakikulia.

"Koti ni salama," lilisema. "Halina kitu."

Alilivaa palepale, maana nje palikuwa na baridi. Akatia mkono mfukoni, kwa mazoea tu. Kule chini kabisa, penye kona ya mshono, vidole vikagusa karanga. Zilikuwa tano, nzima, zimepangwa kwa karibu na kufunikwa na nyuzi za sufu zilizochambuliwa kwa meno.

Alisimama nazo kiganjani. Alikuwa amewalea panya buku miaka ishirini na saba, na alijua tabia yao. Panya buku haweki akiba mahali asipokusudia kurudi.