Kiingereza cha Bwana Rudia

Sogeeni karibu, wenye masikio na wenye visingizio. Hadithi hii haina zimwi wala jini. Ina mwanamume mzima mwenye suruali iliyopigwa pasi, na huyo anatosha kabisa kutia hofu.

Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na mbele yake kibanda cha fundi wa makochi. Jioni nyumba ile ilikuwa na raha yake. Fundi anapigilia kitambaa kwenye fremu, misumari midogo kaibana midomoni. Mkewe kaketi kwenye kochi la mteja lisilovikwa bado, anachambua mchele. Binti yao wa darasa la pili kasimama katikati anawapa habari za shule: nani kapigana, nani kajikojolea, mwalimu gani kaja na soksi mbili zisizojuana. Mtoto alikuwa na mdomo kama cherehani, ukimwachia huna pa kumkatia uzi. Baba yake hucheka mpaka misumari inamwagika.

Siku moja Fundi akaitwa kupima viti vya ofisi fulani. Mle ndani wakubwa wawili wakazungumza Kiingereza juu ya kichwa chake, wakacheka. Naye akacheka, asibaki nyuma. Kazi hakupewa. Mtaa mzima unajua makochi yake hubonyea kabla mteja hajayazoea, lakini mtu akikosa hutafuta mchawi, na mchawi wa Fundi akawa Kiswahili.

Akajipatia masomo ya kusikiliza kwenye simu, mafupi mafupi, ya bure. Sauti ya mwanamke, laini kama sponji mpya, inatamka neno, kisha inasema: rudia. Fundi anarudia. Misumari mdomoni, hedifoni masikioni, anarudia. Mteja anampa shikamoo, anarudia. Mtaa wetu haujawahi kukosa jina la kumpa mtu, ukamwita Bwana Rudia.

Msinielewe vibaya. Lugha ni mali, na anayejifunza hachekwi. Anayechekwa ni yule aliyeokota maneno kumi akaanza kutembea kama kameza kamusi.

Kulikuwa na masomo ya maneno na masomo ya mila. Kwenye mila akaambiwa kwamba Waingereza wakikutana huongea habari za mvua, na kwamba mtu akikuuliza hali, hata kama roho iko kooni, unamjibu u mzima, ahsante. Somo hilo alilipenda kuliko yote. Mvivu wa kusikia shida za wenzake alikuwa amepewa ruhusa rasmi.

Basi akatangaza mezani, "Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii ni Kiingereza tu."

"Na mimi nisiyekijua?" mkewe akauliza.

"Utanyamaza mpaka ukijue."

"Haya. Na chai uiambie kwa Kiingereza ichemke, tuone kama itakuelewa."

Bwana Rudia hakucheka. Alikata kipande cha mbao, akakitoboa, akatia kamba. Na kwa kuwa fundi ni fundi, akakivika kabisa mabaki ya kitambaa cha kochi, chekundu, chenye maua. Kikawa kibao cha adhabu. Atakayeteleza akasema Kiswahili, atakivaa shingoni. Mkewe alikitazama, akamtazama na mwenyewe. "Mimi utanivisha hicho siku ya kunizika," akasema, akaondoka na masufuria yake. Kwa hiyo kibao kikawa cha mtoto. Aibu ikikosa mkubwa wa kumkalia, hujua pa kwenda.

Yule mwenye mdomo wa cherehani akaanza kukatika uzi. Jioni zikawa za nyundo na sauti ya simu.

Mara dada wa mke akajifungua kwa shida, ikabidi mke asafiri kumuuguza. Asubuhi ya kuondoka, begi mkononi, alisimama mbele ya mumewe. "Mtoto analalamika sikio. Lisipopoa kesho, mpeleke zahanati. Umenisikia?"

Bwana Rudia, hedifoni masikioni, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekubaliana na yule mwanamke wa kwenye simu.

Mtoto akabaki na baba. Kila jioni baba alimketisha kando yake, hedifoni moja sikioni kwake, ya pili anamtumbukizia mtoto, tena kwenye lilelile linalouma. Mtoto akikunja uso, baba anasema rudia. Mtoto hakurudia, maana upande ule ulikuwa umeanza kuziba na hakusikia kitu. "Mkaidi kama mama yako," akasema Bwana Rudia, na kibao kikapanda shingoni.

Asubuhi alimuuliza hali kwa Kiingereza. Mtoto, macho yamejaa machozi, akajibu kama alivyofundishwa: "Fain, thenk yu." Baba akayasifia matamshi.

Siku ya tatu mtoto alishindwa. "Baba, sikio langu..."

Kidole kikainuliwa. "Kwa Kiingereza."

Mtoto hakulijua neno la kuuma. Alijua kuagiza kahawa na kuulizia njia ya kwenda makumbusho. Na sasa sikilizeni vizuri wenzangu, maana hapa ndipo upumbavu ulipovua viatu ukaingia ndani: baba naye hakulijua. Mtu mwenye akili angesema, haya mwanangu, niambie tu. Bwana Rudia akajikohoza, akasema, "Somo la viungo vya mwili bado hatujalifikia. Subiri."

Mtoto akasubiri. Watoto ni watiifu, ndiyo maana tunawaumiza kirahisi.

Aliyeshindwa kusubiri ni Mama Mkaa, jirani aliyekuwa akiuza makaa ukuta kwa ukuta nao. Alikuja mlangoni mikono ingali myeusi. "Shemeji, mtoto wako anatoka usaha sikioni. Nimeinama kumsalimia, harufu imenipiga."

Bwana Rudia akamjibu kwa Kiingereza kwamba leo huenda mvua ikanyesha.

"Mvua iko wapi na jua linachoma utosi? Nakwambia mtoto anaoza sikio, wewe unanisomea hali ya hewa!"

Akamfungia mlango. Alisema baadaye kwamba yule mama hakuwa na adabu za mazungumzo.

Kesho yake mtoto hakuamka. Kichwa kilikuwa moto, nyuma ya sikio pamevimba hadi sikio lenyewe limesukumwa mbele. Bwana Rudia alisimama juu yake akimwuliza hali kwa Kiingereza, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilimkatika, na Mama Mkaa akaisikia ukutani. Hakubisha hodi. Alimbeba mtoto mgongoni kama alivyokuwa, na kibao chake chekundu shingoni, akashika njia ya hospitali. Baba nyuma, mbio, waya wa hedifoni unamchapa tumboni.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. "Sikio lipi lilianza kumuuma?" akauliza.

Bwana Rudia akavuta pumzi, akamtakia asubuhi njema kwa Kiingereza.

"Mzee, nimekuuliza sikio lipi. Lilianza lini? Usaha umetoka siku ngapi?"

Hapo Kiingereza kikamkimbia. Akageukia Kiswahili chake cha kuzaliwa, akakuta namo hamna kitu. Hakujua sikio. Hakujua siku. Lugha mbili kichwani, jibu hata moja.

Daktari akashika kibao. "Na hiki ni nini?"

Mama Mkaa aliangalia ukuta, maana angefungua kinywa angetukana. Mtoto akafumbua macho, akamtazama baba yake kwanza, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Sema, mwanangu," daktari akamwambia. "Kwa lugha yoyote."

"Nikisema, sitakivaa tena?"

Daktari akachukua mkasi, akakata kamba, kibao kikaanguka chini. Ndipo mtoto akasema, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi: "Ni hili la kushoto. Lilianza mama hajaondoka. Nilimwambia baba. Akasema neno lake bado."



Walimpasua nyuma ya sikio siku hiyohiyo. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, usaha ungefika kwenye ubongo, na leo tungekuwa tunasimulia msiba. Mtoto akapona. Sikio la kushoto halikupona. Limebaki pale kwa ajili ya umbo tu.

Mkewe aliporudi alimkuta Bwana Rudia kwenye benchi la wodi. "Nilikuaga kwa maneno gani?" akamuuliza.

Mume akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Nimekuuliza. Nilikwambia nini nilipoondoka?"

"Sikukusikia," akasema Bwana Rudia, kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Mke alimpita, akaingia kwa mwanawe.

Siku hizi kibanda kipo, nyundo inalia, na hedifoni hazionekani. Mtoto ameanza tena kusimulia habari za shule, ila huwasimulia mama yake na Mama Mkaa. Huwakalisha upande wake wa kulia, apate kuwasikia. Baba yake akimwita, hageuki upesi. Huinamisha kichwa taratibu, kwa heshima zote, akamwelekezea sikio la kushoto.

MAFUNZO

Jifunzeni lugha za watu, hata saba mkiweza, wala msiseme mimi bibi kizee nimewakataza. Lakini usijifunze kwa shingo ya mwanao. Nyumba inayomfunga mtoto mdomo itazikwa na yale ambayo hakuyasema. Na mzazi anayemwambia mtoto asubiri apate neno zuri la maumivu yake, huyo hana elimu; ana majivuno tu. Hayo ni ya bure, hayahitaji masomo ya simu.

Na wewe unayesoma hapa huku mtoto anakuvuta nguo, unamwambia ngoja nimalize: umeshamaliza. Mgeukie.