Feni, Glasi ya Maji na Wifi wa Kompyuta

Asubuhi ile karakana ilinuka grisi na chai iliyomwagika. Mama alikuwa fundi wa feni kubwa, zile za kukaushia mbao. Binti yake, Kitindamimba, alizipima kwa kompyuta. Feni iliyokuwa mezani ilishawahi kuvunja ekseli, panga lake likachomoka na kumkosakosa seremala mwenye feni. Sasa seremala alikaa mlangoni, akisubiri. Alishasema ikitikisika tena, atatafuta fundi mwingine.

"Imetulia," Kitindamimba akasema. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala chali kwenye sifuri.

Mama hakubishana. Aliweka glasi ya maji juu ya fremu ya feni, akawasha. Maji yakacheza.

"Mchoro wako unasema imelala, glasi inasema inacheza. Nimwamini nani, mwanangu?"

Akaitwa jirani, mwalimu wa chuo cha ufundi. Akauliza kipande cha tepu kilichobandikwa chini ya skrini ni cha nini. Kitindamimba akaona haya. Hapo ndipo programu hulalamika, naye alichoka kuambiwa kila saa amekosea. Akapaita Wifi, maana wifi hakosi la kulaumu, akapaziba.

"Hebu tumsikilize wifi yako," mwalimu akasema, akabandua. Onyo lilikuwepo: sehemu ya kufikirika imeachwa.

Akawaeleza taratibu. Kila jaribio hutoa namba changamano, yaani namba yenye sehemu mbili. Sehemu halisi inaonyesha uzito umeelemea kulia au kushoto. Sehemu ya kufikirika inaonyesha juu au chini, alama ya chaki kwenye feni ikiwa juu.

"Jina lisikudanganye," akasema. "Hiyo ya kufikirika inavunja ekseli kweli."

Kitindamimba alikuwa ameipa programu namba za majaribio, la kwanza, la pili, la tatu, pamoja na namba changamano. Hapo huchora sehemu halisi tu. Ukiipa namba changamano peke yake, huchora zote mbili: halisi kwa mlalo, ya kufikirika kwa wima.

"Kumbe nilikuwa naangalia nusu?"

"Tena nusu yenye adabu."

Kitindamimba akachora upya. Nukta zikajikusanya juu, mbali na sifuri, kama kuku waliopanda darini. Basi uzito ulizidi upande wa chaki. Mama akafunga kipande cha chuma upande wa pili. Wakapima, wakaongeza kidogo, wakapima tena, mpaka nukta zikashuka na kuizunguka sifuri.

Glasi ikarudishwa, feni ikawashwa. Maji yakatulia tuli. Seremala akayatazama, akayanywa, akaenda kuleta mkokoteni.

Kitindamimba akataka kuitupa ile tepu. Mama akamzuia.

"Itunze. Wifi yangu mimi anakuja kesho."