Vidonge Vyangu Vilimnenepesha Mwali

Nina umri wa miaka thelathini na minne na ninaishi Mikumi, ambako nauza maandazi karibu na stesheni. Wateja wangu hunisifu kwamba nina afya njema. Huwa nawajibu kuwa afya yenyewe ni ya kuazima, wakacheka wakidhani natania. Sitanii. Kila asubuhi nameza kidonge kabla hata sijawasha moto, na nikikosa kwa siku chache tu mtakuja kunizika.

Wasomaji wenzangu, nataka kuwasimulia jinsi kidonge hicho hicho kilivyommaliza mtoto wa watu, na mimi nikiwa palepale, naona, najua, na sina njia...

Nilizaliwa Kisanga. Mume wangu, Shabani, alinioa mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya reli itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Tulijenga nyumba mbili katika ua mmoja: moja yetu, nyingine ya mama yake, aliyekuwa mjane, na binti yake wa mwisho, Mwanahawa. Shabani alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ni cheo kidogo, lakini mume wangu alikibeba kama amebeba nchi nzima.

Ugonjwa ulinianza taratibu. Nikiinuka, kizunguzungu. Nikila, natapika. Mimi niliyekuwa maji ya kunde nikaanza kuwa mweusi, weusi wa ajabu, ukaingia mpaka kwenye fizi na mistari ya viganja. Na chumvi! Nilitamani chumvi kama mjamzito anavyotamani udongo. Nilikuwa nikiilamba kwa kujificha, maana dukani kwetu haikupatikana kirahisi.

Kijijini kila mtu alitakiwa kulima shamba la pamoja. Nilipiga majembe machache, nikakaa chini. Wenzangu wakaanza kusema. Mke wa balozi, anayewahimiza wengine kazi, yeye anapumzika! Wakaniita kupe. Mama mkwe akasema nina uvivu wa kurithi.

Nilipozimia shambani ndipo walipokubali kunipeleka hospitali ya misheni, Mikumi. Daktari alinichunguza sana, kisha akatueleza kwa upole. Alisema juu ya figo za kila mtu kuna tezi mbili ndogo, nazo hutoa homoni inayoupa mwili nguvu ya kuamka na kuhimili shida. Zangu zilikuwa zimekufa. Angenipa homoni hiyo kwa vidonge.

"Hivi si vya wiki mbili," alisema. "Ni vya maisha. Akiviacha ghafla, atakufa."

Shabani alikuwa amekaa ubavuni pangu. Alisikia kwa masikio yake.

Sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Vidonge vile vilinifufua! Nilikula nikashiba, nikalima, mashavu yakajaa. Walioniita kupe wakaanza kuniuliza nimepewa nini huko. Nilijibu kwa fahari, "Vidonge." Laiti ningejua nani alikuwa ananisikiliza.

Wakati huo Mwanahawa alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani, haoni jua, analishwa na kufundwa, akisubiri siku ya kutolewa na kuchezewa ngoma. Kwetu mwali hutoka ndani amenona na kung'ara, hapo ndipo watu humpongeza mama yake. Lakini Mwanahawa alikuwa mwembamba tangu utotoni. Alilishwa karanga, akalishwa maziwa, mifupa ikabaki vilevile. Mama mkwe alikuwa hapati usingizi kwa kuifikiria aibu ya siku hiyo.

Katika ukoo wao dawa zote za nyumba hukaa kwenye sanduku la mama. Kwa hiyo chupa yangu ilikaa kwake, na kila asubuhi nilikwenda kupiga magoti, shikamoo mama, marahaba, nikapewa kidonge changu. Sikuona ubaya. Kisha akaanza kunipa nusu. Alisema dawa nyingi huchoma tumbo, na mimi nimeshapona.

Kizunguzungu kikarudi, na weusi ukarudi. Nilimwomba Shabani anichukulie chupa yangu niitunze mwenyewe. Akaniuliza kama nataka kumwita mama yake mwizi.

Ukweli niliupata kwa Mwanahawa mwenyewe. Nilikuwa nafagia nyuma ya chumba chake, akaniita kwa sauti ya chini kupitia upenyo wa dirisha. Nilipochungulia nilishtuka. Uso wake ulikuwa wa duara, mashavu yamevimba, shingo imejaa.

"Wifi, eti nimependeza?" aliniuliza. "Mama ananisagia vile vyeupe kwenye uji. Anasema ni dawa ya mwali."

Maskini, hakujua. Angejuaje, amefungiwa ndani anakula anachopewa? Nilimwambia umependeza. Mpaka leo najiuliza ningemwambia nini kingine pale dirishani.

Usiku ule nilimweleza mume wangu. Nilitegemea ataruka. Hakuruka... Alinyoosha mguu, akatazama paa, akasema, "Najua. Vumilia mpaka mwali atoke. Watu wameshaalikwa."

Alijua! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Niondoke niende wapi? Kusafiri kulihitaji barua ya uongozi, na barua za nyumba zetu zilianzia kwa balozi, ambaye ndiye mume wangu. Kisanga kwa miguu nisingefika. Hata kisimani nilikwenda nikipumzika njiani. Nilibaki katika ua ule, jikoni hadi chumbani, nikihesabika mzima kwa sababu bado nilikuwa nasimama.

Chupa iliisha kabla ya siku ya ngoma. Shabani alitakiwa kwenda kuchukua nyingine, lakini palikuwa na pombe ya kupikwa, kuni za kukusanywa, wageni wa kupokelewa. Alisema atakwenda mambo yakiisha.

Mwali alitolewa. Alibebwa mabegani, amepakwa mafuta anameremeta, na vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya reli. Mama mkwe alilia kwa furaha. Nilimwonea huruma, msinishangae. Ilikuwa siku yake.

Siku zilizofuata Mwanahawa alianza kutapika. Akiinuka, anaanguka. Wakasema jua limempiga kwa kuwa alikaa ndani sana, wengine wakasema ni kijicho. Mimi niliyekuwa nimelala mkekani, sijiwezi, nilimwona akishika ukuta kama nilivyokuwa nikishika mimi. Ulikuwa ugonjwa wangu mwenyewe, nimeuona kwa mtu mwingine.

Nilitambaa hadi kwa mama mkwe. Nilimwambia mwili wa mtoto umezoea vile vidonge, sasa vimekatika ghafla, tumpeleke hospitali. Alinitazama kwa chuki.

"Umemwonea wivu tangu alipoanza kunona," alisema. "Sasa umefurahi?"

Aliyeniokoa ni jirani yetu, Mama Sabina, mjane ambaye wazazi wake walikuja zamani kukata mkonge. Kaka yake alifanya kazi ya reli. Asubuhi iliyofuata alipita na kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kuelekea Mikumi, akakubali kutupakia. Nasema kutupakia, kwa sababu Mama Sabina alimwomba nafasi ya wagonjwa wawili. Mama mkwe alisimama mlangoni, akasema mwanawe hatapanda chombo kimoja na mchawi. Shabani alinipandisha mimi peke yangu, na yeye akapanda. Nilimwona Mwanahawa kwa mbali, ameegemea mlango.

Hospitali niliwekewa dripu ya maji ya chumvi na sindano. Nilikuwa nasikia, lakini ulimi ulikuwa mzito kama si wangu. Daktari alimgeukia mume wangu. Alimuuliza, vile vidonge vimekwenda wapi?

Nikamwangalia Shabani. Nilimwomba kwa macho. Neno moja tu! Angesema "amepewa dada yangu," daktari angejua la kufanya, naye angewahi kurudi kijijini na dawa.

Shabani alikunja kofia yake mkononi.

"Alikuwa anavitupa mwenyewe, daktari," alisema. "Huyu ni mbishi sana."

Daktari alinikaripia. Nililia tu... machozi yakaingia masikioni, na mikono yangu haikuwa na nguvu ya kuyafuta.

Ulimi ulifunguka siku ya pili. Nilisema yote. Daktari alishika kichwa. Alifunga dawa upesi, akampa Shabani, akamwambia asisimame popote pale njiani, amlete binti hata kwa kubebwa. Shabani alitoka mbio. Nilisikia viatu vyake kwenye korido, nikamwombea, licha ya yote nikamwombea.

Alipofika nyumbani alikuta watu wameshika majembe, wanakwenda kuchimba kaburi. Dawa ilikuwa mfukoni mwake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha ya mama yake, kifo kikaja kwa dada yake. Sikurudi tena katika ua ule. Talaka aliniletea mwenyewe, bila maneno mengi, na Mama Sabina alinitafutia mahali pa kupanga hapa Mikumi.

Shabani hupita stesheni mara mojamoja. Hunisalimu, namwitikia. Hajawahi kumwambia mama yake kilichomuua Mwanahawa. Yule bibi amezeeka akiamini kuwa ni mimi, na mwanawe anamwacha aamini, eti asimvunje moyo.

Ndugu zangu, hasa kina mama mnaotamani watoto wanone. Vidonge vya homoni si karanga wala maziwa. Mgonjwa akinawiri kwa dawa yake, msimwonjeshe mzima. Na ninyi wagonjwa, tunzeni chupa zenu wenyewe, hata kama mtaitwa wakosefu wa adabu.

Na wewe unayejua jambo, daktari akikuuliza, mwambie. Mama yako ataona aibu, ndiyo. Ataona aibu mwezi mmoja, miwili, halafu watu watapata la kwao la kuzungumza. Mwanahawa angekuwa na watoto sasa.